Ripa ya maksai ya kukodi Chamwino: nawapa nyota nne kati ya tano

Wadau wa kilimo Dodoma, msimu huu shamba langu la mtama huku Mvumi nilikodi jamaa wa ripa ya maksai, yani kifaa cha kuchana udongo kinachovutwa na ng'ombe, badala ya trekta la diski, na kwa kuwa naona wengi mnaulizia, mi nasema kodini.

Ripa haigeuzi udongo, ina jino moja tu la chuma linalochana mstari, af kati ya mstari na mstari ardhi inabaki vilevile na mabua ya mwaka jana yapo juu yake. Mvua za Desemba zikipiga, maji yanazama kwenye mstari badala ya kukimbilia korongoni, na sisi wa milimita 500 na kitu kwa mwaka maji hayo ndo chakula chenyewe. Kile kipindi mvua imekata na jua limekaza nilifukua kwa vidole pembeni ya shina nikakuta udongo bado mbichi unashikana, upande wa pili wa mpaka kwa waliopiga diski ni vumbi tupu.

Halafu kuna hii habari ya hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, jamani inatuhusu sana. Ukifumua shamba zima, mboji (mabaki ya mimea yaliyooza udongoni) inapata hewa, vijidudu vinaila fasta na kaboni yake inapanda angani kama hewa ukaa, yani ni rutuba yako inaondoka, na udongo wetu wa kichanga mboji yenyewe kiduchu! Ukichoma mabua ndo umemaliza kabisa. Maksai hawanywi dizeli, ingawa ng'ombe nao wanatoa methani, gesi nyingine ya kupasha joto, tusidanganyane. Kwenye mstari niliweka samadi, urea kidogo sana, maana urea ikizidi mahitaji ya mmea inatoa nitrasi oksidi, na gesi hiyo kilo kwa kilo inapasha joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa.

Bei ilikuwa chini ya trekta. Nyota moja nimekata kwa sababu walikuja siku wanazotaka wao, na jino lilikuwa limelika, sehemu zenye udongo mgumu likawa linaparua juujuu mpaka nikawaambia warudie. Palizi pia jiandae, magugu yanawahi kuliko ukilima plau. Na mabua yalinde, mifugo ya watu ikishaachiwa baada ya mavuno hubakizi kitu.

Waiteni mapema kabla ya mvua, ila kaangalieni kwanza hao maksai, mwisho wa kiangazi wengi wamekonda na hawawezi kuvuta ardhi kavu.