Ramani za karatasi au tableti: rubani abebe ipi?

Mjadala huu hauishi kwa marubani wa viwanja vya ndege vya Entebbe na Kajjansi, Uganda. Kwa uzito, tableti inashinda mapema: American Airlines ilipoacha karatasi mwaka 2013, kila rubani alitua begi la kilo 16 hivi. Usasishaji nao ni rahisi. Ramani hubadilika kwa mzunguko wa siku 28. Kwenye tableti unapakua tu, kwenye karatasi unachomoa kurasa kuukuu na kupachika mpya moja moja, na ukiruka moja hujui mpaka uihitaji.

Kutegemewa ndiko kwenye ubishi. Aprili 2015 programu ya ramani iligoma kwenye tableti za shirika hilohilo, kisa ramani moja ya uwanja wa Washington iliyojirudia. Tableti ya pili haikufaa kitu, maana ilibeba programu ileile. Baadhi ya ndege zikarudi getini kutafuta intaneti. Karatasi haigomi, wala haizidiwi na joto la jua.

Anayeruka kimataifa kutoka Entebbe, mwenye ofisi ya kumchapia ramani dakika za mwisho, mimi ningemwachia tableti. Anayepeleka watalii Kidepo, hifadhi ya mbali kaskazini-mashariki mwa Uganda, achape angalau ramani ya njia yake na ya uwanja wa akiba, wa kutua akishindwa kule aendako, kabla hajawasha injini.