Dry Cleaning, "Scratchcard Lanyard": besi ndiyo inayoimba

Mimi ni mpiga besi wa muziki wa dansi, kwa hiyo wimbo wowote mpya naupima kwanza kwa besi yake. Huu wa Dry Cleaning, kundi la watu wanne kutoka London, umenikamata hapohapo. Lewis Maynard anapiga besi nene yenye mkwaruzo, inayonguruma na kuukimbiza wimbo wote mbele.

Kisha anaingia Florence Shaw, na haimbi. Anazungumza, kwa sauti ya chini, kavu, kama mtu anayesoma orodha ya dukani huku akiwaza mambo yake mengine. Anataja mipira midogo ya kudunda, mmoja wa Tokyo, mwingine wa Oslo, mwingine wa Rio de Janeiro, wala hakuelezi imefikaje humo. Halafu, kwa sauti ileile, anakuambia ufanye kila kitu na usihisi chochote. Mstari huo ulinichoma. Nilipowapigia wenzangu wa bendi wimbo huu wausikie, mpiga solo wetu aliuliza dada ataanza kuimba lini. Nikamwambia ndio huo, sikiliza tena.

Shaw ni msanii wa picha, na kabla ya kundi hili hakuwa mwimbaji. Nadhani nguvu yake iko hapo. Mwimbaji mzoefu asingejizuia: besi ikipanda, naye angepanda nayo. Nimepiga nyuma ya waimbaji hodari wengi, na wachache sana kati yao walijua kuachia ala nafasi. Huyu anaachia, na gita la Tom Dowse linamjibu kwa makali, huku dramu za Nick Buxton zikienda moja kwa moja bila mbwembwe.

Wimbo ulitoka Novemba 2020 kwa lebo ya 4AD, baada ya EP mbili (rekodi fupi za nyimbo chache) za 2019. Prodyuza ni John Parish, aliyefanya kazi na mwimbaji wa Uingereza PJ Harvey miaka mingi. Video nayo itazame: uso wa Shaw umechomoza ndani ya kilabu cha usiku kidogo mno, cha kutengenezwa kwa mikono.

Ninalolalamikia ni gita. Likichachamaa linameza baadhi ya maneno, na katika wimbo wa maneno kama huu hiyo ni hasara.

Hata hivyo nawasihi mwutafute. Msiusikilize kwa spika ya simu tu. Chomekeni kwenye spika yenye besi ya kweli, la sivyo kazi ya Maynard hamtaisikia kabisa.