Mapitio: Zana za Windows 11 za Kutengeneza Wi-Fi Iliyogoma Baada ya Sasisho

Kompyuta mpakato ikijisasisha kisha Wi-Fi ikagoma, watu wengi huipeleka moja kwa moja kwa fundi, na fundi mwenye foleni ya wateja huona wepesi wa kupiga Windows upya kuliko kukaa kutafuta chanzo. Mwenye mali hulipa, hupoteza programu zake, na asipokuwa na nakala pembeni hupoteza hata mafaili. Ndiyo maana naona zana za kutengeneza Wi-Fi zinazokuja ndani ya Windows 11 zinastahili kupitiwa kama bidhaa nyingine yoyote. Hukumu yangu ni kwamba zinatosha kwa sehemu kubwa ya matatizo haya, lakini mpangilio wake haumsaidii mtumiaji: iliyo bora kuliko zote imefichwa, na yenye madhara imewekwa mahali panapoonekana upesi.

Wi-Fi inapogoma baada ya sasisho, wa kwanza kushukiwa ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kadi ya Wi-Fi. Sasisho huweza kuleta draiva mpya isiyoelewana na kadi, au likabadilisha sehemu ya mfumo ambayo draiva ya zamani ilikuwa ikiitegemea. Desemba 2023 sasisho la Windows 11 lenye namba KB5033375 liliwazuia baadhi ya watumiaji kujiunga na Wi-Fi za vyuo na ofisi, na Microsoft wakakiri tatizo na kuliondoa badiliko lililohusika. Mitandao ya nyumbani kwa kawaida haikuguswa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa zana yoyote, jaribu mtandao mwingine, kisha iwashe kompyuta upya kwa kuchagua Restart. Kuizima kwa Shut down hakutoshi, kwa kuwa Windows 11 kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili iwahi kuwaka, na draiva iliyokwama inaweza kurudi ikiwa imekwama vilevile.

Zana ya kazi ya kila siku ni Device Manager, inayopatikana kwa kubofya kulia alama ya Windows iliyo chini ya skrini. Fungua kipengele cha Network adapters, nawe utaona hali halisi. Kadi ikiwa na pembetatu ya njano, mfumo unaitambua lakini kuna hitilafu, aghalabu ya draiva; ikiwa na mshale mdogo unaoelekea chini, imezimwa tu na mbofyo mmoja unaiwasha; jina lake lisipoonekana kabisa, shaka inahamia kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, au kwenye kadi yenyewe. Ndani ya sifa za kadi (Properties), kwenye kichupo cha Driver, kuna kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha draiva iliyokuwepo kabla. Pale kinapokubali, hakuna njia fupi zaidi ya hiyo, wala hakigusi faili lako hata moja. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi hukutwa kimefifia na hakibonyezeki, kwa sababu hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa kwa ajili ya kifaa hicho. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali jirani yake kuna njia ya pili ambayo Windows haiitangazi: bofya Update Driver, chagua kutafuta ndani ya kompyuta yenyewe, kisha uombe kuonyeshwa orodha, na utaletewa draiva zinazoifaa kadi hiyo ambazo tayari zimo kwenye diski, pamoja na matoleo yake. Chagua toleo la zamani kuliko linalotumika sasa. Nashauri tahadhari kubwa zaidi kwa anayetaka kukiondoa kifaa ili kisakinishwe upya, kwani dirisha la kukiondoa lina kisanduku cha kufuta na draiva pia, na anayekitia tiki bila kuwa na draiva nyingine mkononi anaweza kubaki bila njia ya kuipakua.

Njia hiyo, hata hivyo, ipo kwa yeyote mwenye simu ya Android na kebo. Hotspoti ya kawaida haifai kitu ikiwa kadi ya Wi-Fi imekufa, lakini USB tethering huipa kompyuta intaneti kupitia waya, na Windows huiona simu kama mtandao wa kebo. Kwa sisi tunaonunua bando kwa megabaiti, hatua ya kwanza baada ya kuchomeka kebo iwe kwenda kwenye mipangilio ya Ethernet na kuwasha Metered connection, ili mfumo usianze kupakua masasisho makubwa kwa gharama yako. Kisha pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa namba kamili ya modeli.

Zana iliyofichwa niliyoisema ni ripoti ya Wi-Fi. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport, nayo Windows itatengeneza ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, wenye historia ya muunganisho kwa siku 3 zilizopita. Juu kuna mchoro wa vipindi vyote vya kuunganishwa, na penye kosa pana duara jekundu lenye alama ya x. Ukilibofya unapelekwa kwenye tukio lenyewe na maelezo yake. Chini yake zimo sababu za kukatika na muda wa kila kipindi. Ukiona Wi-Fi hukatika kila kompyuta inapolala, elekea kwenye kichupo cha Power Management ndani ya sifa za kadi na uondoe ruhusa ya kuizima ili kuokoa betri, ingawa kwenye kompyuta nyingi mpya kichupo hicho hakipo. Ripoti hii ndiyo inayotenganisha kubahatisha na kutibu, na haina kitufe chochote cha wazi kwenye mipangilio. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la zana hizi.

Badala yake, kinachokutwa kwenye mipangilio ya mtandao ni Network reset. Hii huondoa adapta zote za mtandao, kadi ya Wi-Fi ikiwemo, huzisakinisha upya, na kurudisha mipangilio yake kama ilivyotoka kiwandani. Nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi hupotea, na programu za VPN, zile za kuunganishwa kwa njia ya siri na mtandao mwingine kama wa ofisi, huenda zikahitaji kusakinishwa upya. Inasaidia kweli mipangilio ikiwa imevurugika, lakini kama kosa limo ndani ya draiva, adapta zitarudi na draiva ileile mbovu. Naiweka karibu na mwisho, na kamwe si kwa kompyuta ya ofisi bila kumwarifu mtu wa TEHAMA.

Yote yakishindikana, ondoa sasisho lenyewe kupitia historia ya Windows Update. Kama lilikuwa badiliko kubwa la toleo, kitufe cha Go back kwenye ukurasa wa Recovery hukurudisha ulikotoka bila kufuta mafaili yako, lakini hukaa siku 10 tu, na baada ya hapo hakuna njia rahisi ya kurudi. Ukishaliondoa, simamisha masasisho mara moja. Windows 11 huruhusu hadi wiki 5, na usipofanya hivyo mfumo unaweza kulipakua tena sasisho lilelile kabla hujapata draiva inayofaa.