ScotlandsPeople: mama mzazi wa babu nimempata, meli ya babu bado

Kwa wenzangu mnaotembea na jina la ukoo la Kizungu bila kujua lilikotoka: tovuti inaitwa ScotlandsPeople, ni ya serikali ya Scotland yenyewe, ya kutafutia kumbukumbu za zamani za kuzaliwa, ndoa na vifo, na hela yangu haikwenda bure.

Babu mzaa baba alikuwa Mskoti. Alilima tumbaku Iringa enzi za Waingereza, akazaa na bibi yangu, Mhehe, akafariki mimi sijazaliwa. Alichoacha ni picha moja, nyuma yake kuna 1898 na neno Aberdeenshire. (Huko ndiko alikozaliwa pia Alexander Mackay, yule mmisionari aliyefia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria letu, mwaka 1890. Kumbe sisi wa kandokando ya ziwa tulishapokea watu wa kule zamani.) Mimi niko Igoma, Mwanza, kazi yote nimeifanya kwa simu na bando la usiku, kuchapisha nikashuka steshenari ya Makoroboi.

Kujisajili ni bure, kutafuta majina bure. Unalipia ukitaka kuona ukurasa wenyewe wa rejista. Pointi 30 ni pauni 7.50, ukurasa mmoja wa kuzaliwa au ndoa unakula pointi 6. Pointi zinadumu miaka 2, siyo kama hayo mabando yetu. Malipo ni kwa kadi. Ya benki yangu iligoma, nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, ikapita.

Utamu uko kwenye vyeti. Wenzetu walianza kusajili kiserikali 1855, na waliandika hasa! Cheti cha kuzaliwa kina ubini wa mama wa kabla ya kuolewa, kina tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Ukishika hicho, cheti cha ndoa unakipata bila kubahatisha, nacho kinataja wazazi wa bwana na wa bibi harusi. Kwa pointi 12 tu nilishavuka hadi kwa wazazi wa mama yake babu, watu ambao hata baba hakuwahi kuwasikia.

Saa ya kuzaliwa wanaandika pia. Nikampigia shangazi Iringa.

"Shikamoo shangazi. Babu alizaliwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri."

"Marahaba baba. Ndiyo maana hakuwahi kulala mpaka kukuche, na sisi akituamsha!"

Nilipofika kwenye kazi ya baba yake babu, simu ikapoa. Nyumbani tulikua tukiambiwa kwao walikuwa na ardhi kubwa. Rejista inasema kibarua wa shamba. Nikafungua na daftari za kodi za majengo na ardhi, zinazotaja mwenye mali, mpangaji na mkaazi: shamba lile lina mwenyewe, lina mpangaji, na wote wawili si sisi. Kwangu hiyo inaeleza safari ya babu kuliko hadithi zote za shangazi. Kwao asingepata hata ekari moja.

Upungufu: picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50, kwa hiyo ndugu wa juzijuzi utaona majina yao kwenye orodha tu. Na mtu akishapanda meli, tovuti hii haimfuati. Orodha za abiria waliotoka Uingereza, 1890 hadi 1960, ziko kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza kule Kew, London, mtandaoni unazisoma kupitia Findmypast, tovuti nyingine ya kutafuta ukoo, nako ni malipo mengine. Mambo ya shamba la Iringa nitayatafuta Dar, Kumbukumbu za Taifa.

Nyota nne. Ukianza, nunua cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha ndoa. Sensa za 1841 hadi 1921 ziache mwisho, maana bila kujua parokia (eneo dogo alikoandikishwa mtu) utamwaga pointi kwa majina yanayofanana. Na kama jina lenu linaanza na Mac, jaribu na Mc pia, makarani wa kule nao waliandika walivyosikia.