Themostati Nzuri, Sili Mbovu: Tathmini ya Seti Niliyoifunga Mwenyewe Nyumbani

Seti hii ya themostati niliinunua kwa ajili ya gari langu lenye injini ya petroli ya silinda nne, na imekaa kwenye injini miezi minane sasa, muda unaonitosha kuizungumzia kwa haki. Ndani ya boksi mlikuwa na themostati yenyewe iliyogongwa namba 82, yaani vali inayoizuia kulanti (maji ya kupozea injini) isiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, sili ya mpira ya mviringo, kava la plastiki lenye shingo ya kuvalishwa mpira wa rejeta, boliti mbili mpya na karatasi moja ya maelekezo. Themostati imenipendeza kuliko nilivyotarajia, kava linavumilika, sili haikustahili kuwekwa kwenye injini yoyote, na karatasi ya maelekezo ingekuwa heri ingebaki kiwandani.

Gari langu halikuwa likichemsha. Lilikuwa na ugonjwa wa kinyume chake, ambao wengi hawautambui kwa sababu haumsimamishi mtu njiani. Mshale wa joto ulipanda hadi karibu na katikati nilipokuwa kwenye foleni, kisha ukaporomoka mara tu nilipoanza kwenda kasi na upepo kupiga rejeta. Hita ilitoa hewa ya uvuguvugu tu. Petroli ilikwisha upesi. Na hatimaye taa ya injini ikawaka, mashine ya kusomea hitilafu ikaonyesha P0128, namba inayomaanisha kwamba kulanti haikufikia joto linalotakiwa katika muda uliotarajiwa. Themostati ya zamani ilikuwa imekwama ikiwa wazi.

Fundi mmoja alinishauri niitoe kabisa nitembee bila kitu, kwa hoja kwamba gari lisilo na themostati halichemshi. Ushauri huo una wafuasi wengi, nami siukubali. Injini inayokaa baridi huendelea kupewa petroli nyingi kama ile inayowashwa asubuhi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu ambao ungefukizwa na joto hubaki ndani ya oili. Isitoshe, zipo injini ambazo themostati yake, inapofunguka, huziba pia njia ya mkato inayorudisha kulanti kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi muda wote, na gari lile lile uliloambiwa halitachemsha linaweza kuchemsha mlimani.

Sehemu ninayoisifu zaidi ni themostati yenyewe, na sikuisifu kwa kuiangalia tu. Ndani yake kuna kikombe kidogo cha shaba chenye nta maalumu. Nta hiyo inapoyeyuka hutanuka, husukuma pini, na pini huishinda springi ili vali ifunguke. Kulanti ikipoa, nta husinyaa na springi huirudisha vali mahali pake. Kwa kuwa kazi yote ni ya joto, sufuria ya maji jikoni inatosha kuipima kabla haijaingia kwenye gari. Niliining'iniza kwa uzi pamoja na kipimajoto ili visiguse chini ya sufuria, kwa sababu chuma cha chini huwa na joto kuliko maji na kitakudanganya, kisha nikapasha maji polepole. Vali ilianza kuachia kwenye nyuzi 83 za Selsiasi, ikawa wazi kabisa kwenye 95, na nilipoyaacha maji yapoe ilijifunga bila kubakiza mwanya. Nilirudia mara tatu, na majibu hayakutofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja. Ile ya zamani, iliyowekwa ndani ya sufuria hiyo hiyo, ilikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha hata maji yakiwa baridi.

Namba iliyogongwa kwenye themostati ni joto la kuanza kufunguka, na ufungukaji kamili huja baadaye, kwa kawaida nyuzi 10 hadi 15 juu yake. Kwa hiyo anayenunua iliyoandikwa 92 asishangae ikikataa kufunguka yote ndani ya sufuria, kwani maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo katika nchi za milimani. Mwenye themostati ya aina hiyo atosheke kuona inaanza kufunguka mahali pake na kujifunga vizuri. Asinunue pia iliyo na namba ndogo kuliko aliyoagiza mtengenezaji wa gari, kwa tamaa ya kuifanya injini iwe baridi zaidi. Atakuwa amejitengenezea upya ugonjwa niliousimulia hapo juu.

Kuifunga kwenyewe kulinichukua saa mbili, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hilo la kupoa halina mjadala, kwa sababu mfumo huu hufanya kazi kwa shinikizo, na kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kukiwa na moto kitamrushia mtu kulanti ya kumbabua usoni. Nilikinga kulanti kwenye beseni na kulifunika papo hapo, kwa kuwa ina ladha tamu inayowavuta mbwa na paka, nayo ni sumu. Nikachomoa mpira wa rejeta, nikafungua boliti mbili za kava, nikasugua uso wa alumini kwa kikwanguo cha plastiki hadi mabaki ya sili ya zamani yakaisha. Pini ndogo inayochezacheza pembeni mwa themostati nikaielekeza juu, maana kazi yake ni kupitisha hewa iliyonaswa. Karatasi ya maelekezo haikuitaja pini hiyo hata kwa neno moja.

Badala yake, ilinielekeza nipake grisi kwenye sili. Mpira unaotumiwa sana kwa sili za kulanti ni ule uitwao EPDM, nao huvimba na kulegea ukiguswa na grisi au oili itokanayo na mafuta ghafi. Cha kuipaka ni kulanti yenyewe kidogo ili iteleze na kukaa. Sikufuata maelekezo, na hata hivyo sili ikavuja. Ilikuwa ngumu tangu kwenye boksi na ilikuwa na mshono wa kalibu ulioinuka upande mmoja, kosa ambalo nililiona kwa macho nikalipuuza kwa haraka ya kumaliza kazi. Asubuhi ya pili nilikuta matone chini ya kava. Ilinibidi nimwage kulanti upya, nifungue kila kitu na kuweka sili nyingine niliyoinunua peke yake, ambayo haijatoa hata tone hadi leo. Anayeuza themostati ya ubora huu pamoja na sili ya namna ile anajiharibia mwenyewe, kwa sababu mnunuzi asiye na subira ataona maji yanavuja na kulaumu seti nzima.

Kuhusu kava, plastiki yake ni nene na shingo yake ina ukingo mzuri wa kuzuia mpira usichomoke, lakini halina bushi za chuma kwenye matundu ya boliti, hivyo mwenye mkono mzito atalipasua. Boliti ndogo za milimita 6 kama hizi hukazwa kwa takriban nyutonimita 10 tu, kwa zamu, kidogo kidogo kila upande. Ningelipewa la alumini ningelipendelea hilo.

Nilijaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, nikaweka hita kwenye joto la mwisho, nikaiacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yakakoma na mpira wa rejeta, uliokuwa baridi kwa dakika kadhaa, ukawa moto kwa ghafla. Ghafla hiyo ndiyo dalili ya kwamba vali imefunguka. Tangu hapo mshale hupanda hadi katikati na kutulia hapo, kwenye foleni na kwenye mwendo kasi. Hita inaunguza vidole. Taa ya injini haijawaka tena.

Seti hii haiwafai wenye magari ambayo themostati yake ina waya na hupashwa joto kwa amri ya kompyuta, hata kama umbo linafanana na matundu ya boliti yanaoana. Wengine wainunue, pamoja na sili nyingine ya akiba.