GPS ya gari au ya pikipiki: ipi uifunge kwenye usukani wa pikipiki?

Vijiweni Tabora ubishi huu wa GPS, kifaa cha kuonyesha njia, haukauki, hasa kwa wanaopeleka mizigo Sikonge na Kaliua. Kwa unafuu wa bei, ya gari inashinda, tena kwa mbali.

Mvua ndiyo inayogeuza hesabu. Huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na GPS ya gari kwa kawaida haikuzibwa dhidi ya maji. Ukiivika mfuko wa nailoni, ndani hujaa mvuke, usione kitu. Nyingi za pikipiki zina kiwango cha IPX7, yaani hustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Zinakubali pia kidole chenye glavu, na sauti huingia kwenye helmeti kwa Bluetooth. Ya gari itaongea peke yake injini ikiunguruma.

Matunzo? Plagi ya kiberiti cha sigara, inayoipa GPS ya gari umeme, hulegea kwa vumbi na mtikisiko wa mashimo. Ya pikipiki huunganishwa moja kwa moja na betri, kwa fyuzi.

Unasafiri kiangazi tu, na gari unalo? Ya gari yatosha, utaihamisha. Masika uko barabarani kila siku? Jikamue ununue ya pikipiki. Mimi bado nina ya gari. Wingu likitanda, naitia mfukoni na kuuliza njia.