Linux Mint katika Steshenari ya Kigoma: Je, Inafaa Kuhama?

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye steshenari hapa Mwanga hana budi kuamua, kwa sababu Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Linux Mint 22, mfumo endeshi unaoweza kutumika badala ya Windows, iliyotolewa mwaka 2024 na itakayopata masasisho ya usalama hadi 2029, haina ada ya leseni, na gigabaiti 4 za RAM huitosha vizuri.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni flashi za wateja: virusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha ndani ya Linux Mint kwa njia ya kawaida, jambo kubwa sana kwa duka linalopokea flashi kutoka kila pembe ya mji.

Tatizo zito liko kwenye nyaraka. LibreOffice, programu ya nyaraka inayotumika humo badala ya Microsoft Office, hufungua faili za Word, lakini majedwali na namba za kurasa huweza kusogea, na mwanafunzi anayechapa tasnifu yake hastahili kukabidhiwa kazi iliyovurugika. Photoshop nayo haina toleo la Linux. Kwa hiyo ningebakisha kompyuta moja yenye Windows kwa kazi hizo, nyingine nikazihamisha.

Kabla ya kusakinisha, uwashe Linux Mint kutoka kwenye flashi na ujaribu printa na skana zako. Faili la kusakinishia Linux Mint hukaribia gigabaiti 3, hivyo andaa bando la kutosha.